Kulikata Neno Kabla ya Kulikariri

Katika kuwafundisha wanachuo wa afya ya mifugo istilahi za kitabibu, tumeona kuwa kukariri pekee hakutoshi. Jina "homa ya maziwa" hupotosha: ng'ombe aliyetoka kuzaa hulala asiweze kuinuka, mwili ukipoa, kwa upungufu wa kalsiamu katika damu. Istilahi "haipokalsemia" ndiyo isemayo kweli. Kwanza wanachuo hulikata neno "mfugaji": m-fug-aji, kisha istilahi yenyewe: haipo, chini, kals, kalsiamu, emia, damu. Hutania kuwa kalsiamu "haipo". Mzaha huo tumeupokea, ingawa kalsiamu imepungua tu, kwani huwakinga wasiichanganye na "haipa", yaani juu. Akosaye hapo aweza kumtia mnyama kalsiamu mshipani pasipo haja, na moyo ukasimama.