Twende Masieda, Tukaliulize Ini

Ndugu msomaji, mwezi huu twende Masieda. Masieda ni kata ya Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Mkoa huu ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Huko utakutana na Wairaqw na majirani zao Wadatoga. Wote wanajua thamani ya ng'ombe.

Ng'ombe ni mali

Kwa Mwiraqw, ng'ombe ni maziwa ya watoto na samadi ya shamba. Tangu zamani watu wengi wamelala nyumba moja na mifugo yao. Tena ipo desturi ya kukabidhiana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi humpa jirani wa kutunza. Jirani hupata maziwa na samadi, lakini ng'ombe bado ni wa mwenyewe.

Basi ng'ombe wa kukabidhiwa akikonda akafa, kuna maneno. Mwenye mali husema, "Hukumlisha." Mtunzaji husema, "Nilimlisha." Nani mkweli? Huenda jibu limo ndani ya ini.

Twende majini

Fuata ng'ombe wakati wa kiangazi. Nyasi za mlimani zimekauka. Ng'ombe huteremka penye maji yaliyotuama, ambako nyasi bado ni mbichi. Angalia vizuri: je, kuna konokono wadogo? Minyoo ya ini hukulia kwanza ndani ya konokono wa namna hiyo. Halafu hutoka na kujibandika kwenye nyasi. Ng'ombe, kondoo na mbuzi huimeza wanapokula.

Mnyoo huu ni bapa kama jani. Ulio mkubwa huweza kufika sentimita 7. Hupenya ini, kisha hukaa katika mirija ya nyongo.

Dalili peke yake hazitoshi

Mnyama mwenye minyoo hii hukonda. Maziwa hupungua. Funua kope la jicho: ndani ni peupe badala ya kuwa pekundu. Pengine uvimbe laini huota chini ya taya.

Lakini usikate shauri upesi. Minyoo ya tumbo huleta weupe wa macho na uvimbe kama huo, hasa kwa kondoo na mbuzi. Ugonjwa wa nagana, unaoletwa na mbung'o, nao hukondesha ng'ombe na kupunguza damu. Nagana hupimwa kwa damu. Ukitibu kwa kubahatisha, unaweza kutupa fedha na kumpoteza mnyama.

Twende machinjioni

Mnyama akichinjwa, simama karibu na mkaguzi wa nyama. Mwombe akuonyeshe ini. Akilikata, minyoo hutoka kwenye mirija ya nyongo. Katika ini lililougua muda mrefu, mirija huwa minene na migumu. Kisu hukwaruza kama kinapita kwenye mchanga. Ini moja lenye minyoo ni habari kwa wote wanaonywesha mahali pamoja na mnyama yule.

Angalia sana: mnyama akifa ghafla, na damu ikitoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue. Usimle. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Mwite Bwana Mifugo.

Twende maabara

Mnyama aliye hai hupimwa kinyesi. Bwana Mifugo hukitoa ndani ya mnyama, si chini penye uchafu. Kinyesi hukorogwa na maji, huchujwa, kisha huachwa kitulie. Mayai ya minyoo ya ini ni mazito, hivyo huzama. Maji ya juu humwagwa. Masimbi ya chini hutiwa tone la rangi ya buluu na kuangaliwa kwa darubini. Mayai ya mnyoo wa ini huonekana ya manjano kama dhahabu. Yapo mayai ya minyoo mingine bapa yanayofanana nayo, lakini hayana umanjano huo.

Jambo moja usisahau. Mnyoo mchanga hautagi. Mayai huonekana baada ya miezi mitatu hivi. Kabla ya hapo kondoo anaweza kufa, na kinyesi chake hakina yai hata moja. Kwa hiyo mweleze Bwana Mifugo mifugo ililishwa wapi, na lini. Ikibidi, sampuli hupelekwa Arusha, kwenye kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Wakala hiyo ilianzishwa mwaka 2012.

Ukishajua ugonjwa, uliza dawa yake. Si kila dawa ya minyoo huua minyoo ya ini, na baadhi huua mikubwa tu.

Ndugu msomaji, huenda wewe hukai Masieda. Lakini kama kwenu kuna maji yaliyotuama, konokono na ng'ombe, safari hii ni yako pia. Kabla ya kumlaumu jirani kwa ng'ombe aliyekonda, kapimeni kinyesi pamoja. Kupima kwaweza kuokoa ng'ombe, na kuokoa ujirani.