Picha ya Bibi, Itiryo

Anayetoka Mwanza kwenda Tarime hupita Magu na Bunda, akavuka Mto Mara katika Daraja la Kirumi, na baada ya hapo ardhi huanza kuinuka. Kutoka Tarime mjini hadi Itiryo, kata isiyo mbali na mpaka wa Kenya, safari ni ya barabara ya udongo, vilima, migomba na ng'ombe wanaorudi zizini jioni. Ni nchi ya Wakurya, na sisi Waislamu huku ni wachache. Idi el-Hajj ikifika, jamaa zetu hutoka Mwanza, Musoma na ng'ambo ya mpaka, na majirani wa dini nyingine huja kula pilau pamoja nasi.

Mwaka huu tuliazimia kupiga picha ya familia, Bibi akiwa katikati. Sababu yake ilikuwa Babu. Alipofariki hatukuwa na sura yake popote ila kwenye kitambulisho cha mpiga kura. Mjomba aliipeleka ikakuzwe, ikarudi na ukungu kama uso unaotazamwa nyuma ya moshi. Babu ametoa macho, midomo kaifunga, kama alivyoamriwa na waandikishaji siku ile. Watoto waliozaliwa baadaye wakioneshwa huuliza kama alikuwa mkali. Babu hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka akashika mbavu.

Basi nikamtafuta mpiga picha wa Tarime mjini. Akanitajia shilingi 150,000. Nilishtuka, nami sikuficha. Kijana yeyote hapa kijijini mwenye simu nzuri angetupiga bure! Hakukasirika. Alinihesabia: bodaboda ya kutwa nzima 30,000, msaidizi wa kushika ubao mweupe wa kurudishia mwanga 15,000, kuchapisha picha moja kubwa na fremu yake 45,000, kwa kuwa kazi hiyo huituma Mwanza. Iliyobaki, 60,000, ni ujira wake wa siku mbili, moja ya kupiga na moja ya kukaa kwenye kompyuta akichagua na kusafisha picha. Kamera yenyewe, alisema, hajaiweka kwenye hesabu.

Nilikumbuka picha za kale za Pwani. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na familia za mjini zikawa zinavaa nguo zao bora na kumfuata dukani kwake. Taa zilikuwa zake, pazia lake, kiti chake. Huku kwetu studio ndiyo inayomfuata mtu mlimani, na njia ina gharama yake. Nikaona hesabu ya yule kijana haina hila.

Kisha akasema neno lililotugawa. "Shekhe, ukiniruhusu niziweke picha kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, nitakufanyia laki moja."

Shilingi 50,000 si fedha ndogo kwa watu waliotoka kununua mnyama wa kuchinja. Kaka yangu alikubali palepale. Shangazi akakataa palepale. Hakuwa na tatizo na kamera. Alikuwa na tatizo na macho ya watu asiowajua. Mjomba, ambaye husoma sana, akaanza mbali zaidi: je, picha yenyewe inafaa? Akatukumbusha kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa, wala si kuumba sura. Na kwamba wako wanazuoni wakubwa waliopinga, wakiruhusu tu ya lazima kama ya kitambulisho. Mjadala ulidumu hadi chai ikapoa. Mwisho wake Mjomba mwenyewe alisema kwamba hata anayefuata kauli nyepesi hana ruhusa ya kuuza sura ya shangazi yake kwa punguzo la bei.

Tukalipa bei kamili. Tu ndugu watano, kila mmoja akatoa 30,000. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mkataba wetu ulikuwa karatasi ya daftari: picha zote tupewe sisi kwenye flashi, asibakize hata moja, asioneshe yeyote. Akasaini bila kusita. Nadhani tungeandika hivyo hata angekuwa ndugu yetu.

Alifika saa nne asubuhi, akatazama jua, akagoma kupiga. Jua likiwa juu, alisema, kanzu nyeupe zitawaka na nyuso zenu zitakuwa giza. Tukasubiri mpaka baada ya Alasiri. Hapo akatupanga chini ya upenu wa nyumba, akawaweka wenye kanzu nyuma, akamketisha Bibi mahali ambapo mwanga ulimfikia kwa upole kutoka uwanjani. Simu zetu zote zilikuwa zimeshajaribu kazi hiyo asubuhi na kushindwa.

Bibi alikaa kama Babu kwenye kitambulisho, mdomo umefungwa. Picha kumi, ishirini, hivyo hivyo. Ndipo kuku akapita miguuni kwa Mjomba, Mjomba akaruka na kanzu yake, na Bibi akacheka. Mpiga picha hakuwa amelala.

Kabla hajaondoka, alifuta picha zote kwenye kamera, Shangazi akiwa amesimama begani kwake akihesabu.

Fremu ililetwa wiki mbili baadaye. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, akauliza tumetoa kiasi gani. Tukatazamana. Kaka alipotaja, Bibi aliguna, akasema fedha hiyo ingeezeka upya banda la mbuzi.

"Haya, itundikeni," akasema. "Si chumba ninachoswalia. Kile cha watoto, kando ya babu yenu."