Ukingo Uliokatwa Msituni

Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alipoamuru chai ipandwe kuzunguka misitu ya serikali, sisi wa Isecheno, kando ya Msitu wa Kakamega, tuliambiwa chai hiyo ingekuwa ua: hakuna mkulima ambaye angeuvuka na shoka. Wazee waliitikia. Kisha wafanyakazi wakaja na misumeno ya injini, na kazi ya kuulinda msitu ikaanza kwa kuufyeka.

Msitu huo ulikuwa umetangazwa kuwa wa hifadhi tangu 1933, lakini ukingo wake ulikuwa ghala letu. Huko ndiko tulikochimba mizizi ya mukombero na kuokota kuni na uyoga wa masika. Nyanya alikuwa akibandua gome la dawa la mti wa mwiritsa upande mmoja tu, halafu anapaka udongo kidondani. Mti ukizungushwa panga, alituambia, hufa. Kwa aliyepima mpaka akiwa ofisini, ukingo ulikuwa kipande cha kupunguzwa. Kwetu ndio uliokuwa msitu wenyewe. Ndani kabisa hatukuwa na haja ya kwenda. Baada ya chai, akina mama walilazimika kuingia huko wakiwa na hofu ya askari.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata nchini. Mpaka ukishasogezwa mara moja, kuusogeza tena hakumshtui mtu. Barua za kugawiwa ardhi ya umma zikawa bidhaa: mtu anapewa, anauza, anayenunua anauza tena. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti Karura, msitu wa Nairobi ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Oktoba 2001 serikali ikatangaza kuondoa takriban hekta 67,000 kwenye misitu ya hifadhi, ukiwemo wa Nandi Kusini, ambao zamani uliungana na wetu. Ilisemekana ni kwa ajili ya wasio na ardhi. Ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi wenye vyeo na jamaa zao walivyojinufaisha.

Chai ipo hadi leo, na sitakataa kwamba imewapa vijana wetu vibarua. Lakini mswada wa 2021 ulipofika bungeni ukitaka kurahisisha kubadilisha mipaka ya misitu, niliwapigia simu ndugu zangu wa nyumbani, Shinyalu, usiku uleule, nikawaambia wasikubali hata mita moja.