Bagamoyo: Punda, mbuyu na swali la mtoto

Basi la kwaya liliwashusha karibu na mbuyu mkubwa wa Misheni ya Bagamoyo saa nne asubuhi. Watoto wakakimbilia kivulini. Mmoja, wa miaka minane, alibaki ameshika kitenge cha mama yake.

Tangu Pasaka alikuwa hataki kwenda Utoto Mtakatifu. Usiku aliamka akilia, na alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Mama alidhani ni malaria au U.T.I., akampeleka zahanati. Vipimo havikuonyesha kitu. Jioni moja, akimwogesha, mtoto akauliza: "Mama, baba bado anaungua?"

Baba yake alifariki mwaka jana. Hakuwa mtu wa kanisani. Mlezi mmoja, akitaka watoto wawahi misa, alikuwa amewaeleza kwa kirefu wanakokwenda wasiosali.

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara iliishia hapa kabla ya kuvuka kwenda Zanzibar. Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hii. Walikomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, wakawapa makazi katika kijiji cha uhuru. Kwa mtoto aliyetolewa utumwani, Habari Njema ilianza na chakula, mahali pa kulala na mtu wa kumwosha vidonda.

Si kwamba yote yalikuwa mema. Kijiji kiliendeshwa kwa kengele na ratiba kali, na wapo waliotoroka. Ukali haukuwazuia kuondoka.

Mzee anayetembeza wageni aliwaita watoto mbuyuni, akawaonyesha kipande cha mnyororo kilichochomoza kwenye gome.

"Nani alifungwa hapa?"

"Watumwa!" wakajibu kwa pamoja.

Mzee akacheka. "Hapana. Punda!"

Inasimuliwa kuwa katika miaka ya 1890 Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa katika zahanati ya misheni, alimfunga punda wake kwenye mti huu. Mnyororo ukasahaulika. Mbuyu ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza.

Watoto wakaangua kicheko. Yule wa kwenye kitenge naye akacheka, kisha akasogea.

"Shikamoo babu. Huyo mama alikuwa anawatibu hata wasiosali?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kidonda hakiulizwi dini."

Mtoto hakusema kitu. Mama yake alisikia.

Mchana kwaya iliimba ufukweni, si mbali na msalaba wa misheni, ngoma na kayamba zikipigwa. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu, baadhi wakiwa na kofia zao za kiua, walisimama kusikiliza. Hakuna aliyewahubiria. Mmoja aliuliza wimbo ule unahusu nini, akaelezwa, akashukuru na kurudi kwenye nyavu zake.

Mama aliketi mchangani na mwanawe. Alimwambia jambo alilokuwa akilitafutia maneno kwa wiki kadhaa.

"Baba yako yuko mikononi mwa Mungu. Kuhukumu si kazi yangu, wala ya mwalimu wako. Mimi ninachojua, Mungu anampenda kuliko sisi tunavyompenda. Kazi yetu ni kumwombea."

"Hata leo?"

"Hata sasa hivi."

Wakasali kwa ufupi. Kisha mtoto akaenda kucheza na wenzake kwenye maji.

Safari moja haikumaliza kila kitu. Bado zipo usiku anazoamka. Lakini mama alikwenda kuzungumza na mlezi, bila ugomvi, na mlezi akamwomba mtoto msamaha. Jumapili iliyofuata alivaa viatu mwenyewe, akauliza kama kutakuwa na ngoma.

Mzazi, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, akiota ndoto za kutisha au akilalamika tumbo kila Jumapili asubuhi, mpeleke kwanza akapimwe. Asipokutwa na ugonjwa, keti naye umuulize ameambiwa nini, na umwache amalize kabla hujamjibu. Na nyumbani, Mungu asigeuzwe fimbo ya kumtishia mtoto aliyekataa kula au kulala. Mtoto akitaka kujua unachokiamini, mwonyeshe kwanza kinachokufurahisha ndani yake.