Rangi ya Baiskeli

Yamkini umepata kuacha kuchora kwa sababu huna senti mfukoni. Nisikilize basi. Mwaka 1968, mjini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora bila turubai wala rangi za wasanii. Alitwaa vipande vya hadibodi, aina itumikayo darini, akavipaka rangi ya kung'aa iliyouzwa madukani kwa ajili ya baiskeli. Rangi ile haichanganyiki kwa urahisi ubaoni. Hukaa ilipowekwa, nzito, yenye mng'ao. Nadhani ndiyo sababu chui wake wana madoa makali, na ndege wake hawana vivuli. Wanunuzi walipenda hayo hayo! Alifariki mwaka 1972. Kama angalingojea fedha za turubai, huenda asingalichora hata picha moja, maana miaka yake ya kazi ilikuwa kama minne tu. Walakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, unaochorwa hata leo.

Mimi huchora kwa makaa ya jikoni, nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Makaa yana ila moja: hupukutika kwa mguso wa kidole. Dawa yake ni maziwa yaliyoondolewa mafuta na kutiwa maji, yakapulizwa juu ya mchoro kama ukungu. Vincent van Gogh naye alishikiza michoro yake kwa maziwa. Puliza kidogo, ngoja yakauke, kisha puliza tena. Ukizidisha, karatasi hujikunja, nao nzi hawachelewi kufika.