Jezi Mpya na Jina la Zamani

Mpaka wa mkoa huchorwa ofisini, lakini timu ya mkoa huishi katika mioyo ya watu. Machi 2012 ilipoanzishwa mikoa ya Geita, Simiyu, Katavi na Njombe, Shinyanga yetu ilimegwa pande mbili. Bariadi, Maswa na Meatu zilikwenda Simiyu. Bukombe ilikwenda Geita, ikaungana na wenzao waliotoka Mwanza na wale wa Chato waliotoka Kagera. Sisi wa Songwa, wilayani Kishapu, tulibaki Shinyanga pamoja na Kahama.

Wakubwa walizungumza juu ya makao makuu na barabara. Kwa sisi tulioishi na vijana shuleni na katika chuo cha ualimu, swali lilikuwa jingine. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huwakutanisha vijana wanaobeba jina la mkoa wao. Mtoto wa Bukombe, ambaye baba yake alikimbia kwa jina la Shinyanga, sasa angeshindana na Shinyanga hiyo hiyo. Na vikombe vya zamani, ambavyo vijana wa Maswa na Bariadi walivitolea jasho, ni vya nani?

Jambo hili limeingia hata nyumbani kwangu. Mjukuu wangu amezaliwa na kukulia Ushirombo. Siku moja aliniuliza, "Babu, nikikimbia na mtu wa Shinyanga, wewe utamshangilia nani?" Hakuwa na mzaha, nami sikuona vema kumjibu kwa mzaha.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni nembo: Geita ichore dhahabu, Shinyanga almasi, Simiyu pamba. Sina ugomvi na michoro. Lakini hapa jirani yetu Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940, ilikuwapo timu ya Ligi Kuu iliyobeba jina la mji huo wa mgodi. Msimu wa 2020/21 ilishuka daraja, na Geita Gold ikapanda. Geita nayo, pamoja na dhahabu iliyomo katika jina lake, ilishuka mwaka 2024. Madini hayafungi mabao. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakusema linang'ara kwa sababu ya dhahabu.

Wasukuma tulikwisha kulitatua fumbo hili kabla ya mikoa kuwapo. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu enzi za watemi, na havikufuata mipaka ya utemi. Mgika alikuwa Mgika popote alipohamia, na Mgalu vivyo hivyo. Ndugu wa ukoo mmoja waliweza kuchezea pande mbili, na jioni wakala chungu kimoja. Tena ngoma zote mbili huchezwa kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mjukuu wangu. Nilimwambia: "Kimbia kwa nguvu zako zote, na jezi ya Geita uiheshimu. Mbio alizokimbia baba yako ni zako pia, hakuna aliyezikata pale mpaka ulipokatwa. Mimi nitasimama upande wa yule atakayenivuta."

Ndugu zangu walimu, ninyi mnaoendelea na kazi, andikeni majina ya wachezaji wenu katika daftari la shule, pamoja na vijiji walikotoka. Nembo inaweza kubadilishwa kwa barua moja tu. Mtoto atakayelisoma jina la baba yake katika daftari hilo atajua anakimbia kwa ajili ya nani, hata mkoa ukigawanywa mara ya pili.