Visima vya Ruiru na Thika: Kutoka Futi 40 hadi Mita 250

Kisima cha Ruiru ya miaka ya 1980 kilipimwa kwa futi. Fundi alikuja na sururu, mtarimbo, kamba na ndoo, na kabla ya kugusa udongo alikubaliana na mwenye ploti bei ya kila futi. Bei ilipanda kadiri alivyoshuka, kwa maana udongo mwekundu wa juu ulichimbika kwa siku chache, lakini ukifuatwa na jiwe la majivu ya volkano kazi iligeuka kuwa ya kugonga na kupandisha kokoto ndoo baada ya ndoo. Katika sehemu nyingi za Kimbo, Githurai, Kihunguro na Witeithie maji yalianza kuchuruzika kati ya futi 30 na 50. Januari na Februari yalipopungua, fundi yuleyule aliitwa tena "kuongeza futi", na watoto wa ploti walikusanyika kutazama mtu akishushwa kwa kamba hadi kofia yake isionekane.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mmoja wa watoto hao. Kisima kilikuwa cha mwenye ploti lakini hakikuwa na kufuli. Majirani walichota, wengine kwa shilingi chache, wengine bure kwa sababu mume wa mama fulani alishika kamba siku ya kuchimba. Ugomvi haukukosekana, hasa Jumamosi ya kufua, ila ulihusu zamu na ndoo iliyoangushwa. Hakuna aliyefikiria kwamba maji yenyewe yangeweza kwisha.

Visima hivyo havikuchimbwa kwa kupenda. Baada ya Uhuru, mashamba makubwa ya Ruiru na Juja yalinunuliwa na kampuni za ununuzi wa ardhi na kugawiwa wanachama, kisha yakakatwakatwa tena hadi ploti za 50 kwa 100, yaani sehemu ya nane ya ekari. Waliouza ploti waliuza hati na mpaka, wakasahau bomba. Thika mjini hali ilikuwa nafuu kwa kuwa manispaa ilikuwa na maji ya mto na mtandao wake, lakini pembezoni mwa mji hadithi ilikuwa ileile. Wakati huohuo maji mengi yalipita karibu na watu hao yakielekea kwingine. Bwawa la Ruiru lilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Nairobi, na bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, nalo lilijengwa kwa ajili ya Nairobi. Mkazi wa Ruiru alichimba kwa sababu bomba lilimpita.

Ploti ya 50 kwa 100 ni takriban mita 15 kwa 30. Humo ndani kulikuwa na nyumba, kisima na choo cha shimo. Ushauri wa kawaida wa afya ya umma ni kutenganisha kisima na choo kwa mita 30 hivi, ambayo ni urefu wote wa ploti kutoka uzio hadi uzio. Kwa hiyo hata mwenye ploti mwangalifu aliyeweka choo pembe moja na kisima pembe nyingine hakuweza kuepuka choo cha jirani wa nyuma. Wengi walichemsha maji ya kunywa na kutumia mengine kwa kufua. Waliokuwa na uwezo walianza kununua maji kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na hapo ndipo kisima cha mkono kilipoanza kupoteza heshima yake, muda mrefu kabla ya kukauka.

Kisima kirefu cha mashine hakikuwa kigeni. Walowezi wa kahawa na mkonge walikuwa navyo, na viwanda vya Thika vilichimba vyao ili visitegemee mto peke yake. Jipya ni kwamba kilihamia kwenye makazi. Barabara kuu ya Thika, iliyojengwa kati ya 2009 na 2012, iliharakisha jambo lililokwisha kuanza: mashamba ya kahawa kugeuka mitaa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu karibu 240,000 mjini Ruiru; ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 490,000. Thika nayo ilipita 250,000. Membley, Kamakis na kando ya barabara ya Eastern Bypass, ghorofa zilisimama kabla ya bomba kufika, na hakuna mpangaji wa ghorofa ya tano atakayeteka maji kwa kamba. Mwenye jengo alileta mtambo wa kuchimba, ukanguruma usiku na mchana, ukateremka mita 150, 200, hata zaidi ya 250. Gharama ilikuwa mamilioni ya shilingi, ikarudishwa kwa kodi ya nyumba na kwa maji yaliyouzwa kwa malori.

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kujua kilichoko chini. Ardhi ya Nairobi, Ruiru na Thika ni rundo la matabaka ya volkano: lava ngumu za fonolaiti na trakaiti, majivu yaliyoshikamana kuwa jiwe la ujenzi kama lile la Ndarugo, na katikati yake mashapo ya maziwa na mito ya kale. Maji mengi ya kina yamo katika mashapo hayo, hasa yale ambayo wanajiolojia huyaita Athi ya Juu. Yamebanwa chini ya mwamba usiopitisha maji kwa urahisi, ndiyo maana mtambo ukiyafikia hupanda ndani ya bomba na kusimama juu ya pale yalipopatikana. Mmiliki akiona hivyo hudhani amepata chemchemi isiyo na mwisho. Kumbe kilichomsukumia maji ni shinikizo tu, na shinikizo ndilo la kwanza kupungua. Maji hayo hutoka mbali, kwenye miinuko ya Nyandarua na ukingo wa Bonde la Ufa, ambako mvua huzama na kusafiri polepole kuelekea mashariki. Mvua inayonyesha Ruiru yenyewe huchangia zaidi matabaka ya juu, yale ya visima vya futi 40, na kahawa ilipong'olewa yakaja mabati na kabro, hata mchango huo ukapungua.

Pampu inapovuta, kina cha maji hushuka kukizunguka kisima kwa umbo la faneli. Faneli za visima viwili vikikaribiana hukutana, na kila kimoja hukipunguzia kingine maji. Mwenye pampu ya mita 180 huamka siku moja akakuta inavuta hewa. Hashuku jirani aliyechimba mita 250 mwaka uliopita, humshuku fundi wa pampu. Ushindani wa kina ni ushindani wa fedha, na anayeshindwa kwanza ni mwenye kisima cha mkono. Utafiti wa mfumo wa maji ya ardhini wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Hydrogeology Journal ulionyesha kuwa chini ya Nairobi kina cha maji kimekuwa kikishuka kwa kadiri ya mita 6 kila miaka kumi tangu 1950. Kaunti ya Kiambu, yenye Ruiru na Thika, inakalia upande wa juu wa mfumo huohuo, na kinachovutwa Ruiru hakipiti tena kwenda chini.

Kina kirefu kina bei nyingine. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano huyeyusha floridi, na visima vingi vya eneo la Nairobi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Mtoto akinywa maji hayo miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanaundika, meno huweza kubaki na madoa ya kahawia maisha yake yote. Maji ya kisima kifupi yalileta hatari ya choo; ya kisima kirefu yakaleta hii.

Serikali haikukosa sheria. Sheria ya Maji, Sura ya 372, ilianza kutumika mwaka 1952, na mapema miaka hiyohiyo ya 1950 eneo la Nairobi liliwekwa chini ya ulinzi maalumu kwa sababu dalili za kushuka zilikwisha kuonekana. Kila kisima kilichochimbwa kihalali kilipewa nambari inayoanza na herufi C, na faili lake likatunzwa Maji House, ofisi za Wizara ya Maji. Sheria ya 2002 iliunda mamlaka ya kusimamia rasilimali za maji, WRMA, na kanuni za 2007 zikaweka ada. Katiba ya 2010 ikatamka haki ya kila mtu kupata maji safi na ya kutosha. Sheria ya 2016, inayotumika sasa, ilibadili WRMA kuwa WRA na kusisitiza jambo ambalo wenye ploti wengi hawalipendi: maji, pamoja na yaliyo chini ya shamba la mtu, yako mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Hati ya ardhi haimpi mtu maji yaliyo chini yake. Kanuni mpya zilifuata mwaka 2021.

Kwa utaratibu huo, anayetaka kisima kirefu huanza na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, huomba idhini ya WRA, hufuata masharti ya mamlaka ya mazingira, NEMA, huajiri mchimbaji mwenye leseni, hupima kisima kwa kuvuta maji saa 24, hupeleka sampuli maabara, na mwisho hupewa kibali chenye kikomo cha kiasi na cha muda. Anatakiwa kufunga mita ya maji na bomba jembamba la kupimia kina. Akitaka kuuzia wengine, huingia pia chini ya sheria ya huduma za maji. Kwenye karatasi, ni mpango mzuri.

Kasoro iko kwenye hesabu. Kwa kawaida kisima kirefu hutakiwa kukaa mita 800 kutoka kingine. Duara la mita 800 kila upande lina takriban ekari 500. Ploti nane kwa ekari ni ploti 4,000, tukiacha barabara. Hakuna mtaa wa Ruiru unaoweza kuishi kwa visima vilivyotengana hivyo bila bomba la pamoja, na kila anayenyimwa kibali ana sababu ya kuchimba Jumapili usiku. Ada nayo ilikuwa kitu cha mzaha: kanuni za 2007 zilitoza senti 50 kwa mita ya ujazo, yaani lita 1,000. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa hata kwa shilingi 5, lita hizo 1,000 huleta shilingi 250. Tofauti ya mara 500 haiwezi kumfundisha mtu kubana maji. Zaidi ya hayo, majukumu yamegawanyika: kaunti ina huduma za maji na wakati mwingine yenyewe huchimba visima vya umma, serikali ya taifa ina vibali, na kampuni za maji za Thika na Ruiru-Juja zina mabomba na wateja.

Bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, lililozinduliwa mwaka 2022 likitarajiwa kutoa mita za ujazo 70,000 kwa siku, sehemu yake ikienda Nairobi, limepeleka maji ya bomba Ruiru na Juja kwa kiasi ambacho kizazi cha kamba na ndoo hakikukijua. Visima virefu havikufungwa. Bomba lina zamu, kisima hakina, na aliyewekeza mamilioni hataki kuona pampu imelala. Hapo ndipo kibali kingepaswa kuanza kazi: kupunguza kiasi bomba linapofika, badala ya kuhuishwa tu kikiisha.

Anayenunua au kupanga nyumba Ruiru au Thika leo huambiwa kwa fahari kwamba "hapa kuna kisima". Aombe kuona kibali cha WRA, nambari ya kisima, matokeo ya maabara yenye kiwango cha floridi, na usomaji wa mita ya maji wa miezi ya karibuni.